Kujifunza Kiingereza cha hospitali kwa kutumia mizizi ya maneno

Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi, na orodha ya maneno aliyopewa akariri ilikuwa inamliza. Tulikaa tukayakatakata kwa mizizi ya Kigiriki na Kilatini. Njia yenyewe ni hii.

Hatua ya 1. Nunua kaunta buku. Kadi za kwenye simu siziamini kwa anayeanza, kwa sababu tahajia ya mzizi kama nephr- haikai kichwani mpaka vidole viizoee. Asili ya neno itafute katika kamusi ya Merriam-Webster. Ipo bure mtandaoni.

Hatua ya 2. Anzia mwisho wa neno. Gastroenteritis: -itis ni kuvimba, gastr- ni tumbo la chakula, enter- ni utumbo.

Hatua ya 3. Tenganisha mizizi inayofanana. Hapa usikimbie, maana ukichanganya anayeumia ni mgonjwa.

Hypoglycemia ni sukari kushuka kwenye damu, hyperglycemia ni kupanda. Mwenye sukari iliyoshuka anahitaji sukari haraka. Ukimchoma insulini, dawa ya kushusha sukari, unaweza kumuua. Sisi Waswahili tuna bahati: hypo hutamkwa "haipo", basi kumbuka sukari haipo ya kutosha. Ila usiishie hapo, kwani hypo ni "chini ya" vilevile: sindano ya hypodermic huingia chini ya ngozi. Andika maana zote mbili kwenye mstari mmoja.

Kundi la pili ni -tomy, -stomy na -ectomy. Ya kwanza ni kupasua. Ya pili imetoka kwa stoma, mdomo kwa Kigiriki, kwa hiyo ni kutoboa tundu litakalobaki wazi. Ya tatu ina ec-, nje: kukata na kutoa. Chukua utumbo mpana: mgonjwa wa colostomy hutobolewa tundu tumboni la kupitishia choo, mgonjwa wa colectomy huondolewa utumbo wenyewe, wote au sehemu. Zisome kwa sauti zote tatu, kila siku, mpaka sikio lizitofautishe.

Hatua ya 4. Ogani moja huwa na mizizi miwili. Figo ni nephr- kwa Kigiriki (nephritis) na ren- kwa Kilatini (renal). Ziandike pamoja.

Hatua ya 5. Jipime kwa neno jipya: cholecystectomy. Chole- ni nyongo, cyst- ni mfuko. Mwisho wake unao tayari kwenye hatua ya 3.