Baiskeli usiku: mwendo wako usizidi mwanga wako

Usiku barabara huwa nyingine. Mara nyingi upepo hutulia jua likishazama, hewa hupoa, na masikio hushika kazi ambayo mchana huachiwa macho. Unasikia cheni inayodai mafuta, unasikia gari likiwa bado mbali, na mwanga wake unaipaka kona rangi kabla lenyewe halijatokea. Ukishuka bondeni, ubaridi unakupokea kwenye magoti, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutuama pa chini. Kilomita 20 kwa saa zinaonekana kama 30. Raha yote hiyo ina sharti moja: uweze kusimama ndani ya urefu wa mwanga wako.

Hatua ya 1: Chagua taa ya mbele

Taa ya kuonekana na taa ya kuonea ni vitu viwili. Kwenye mitaa yenye taa, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 50 hadi 100 zinatosha kuwafanya wengine wakuone. Kwenye barabara ya giza unahitaji lumeni 400 hadi 800. Ila usinunue kwa kusoma namba peke yake. Taa inayotoa mwanga wa duara kama tochi hupeleka karibu nusu ya mwanga juu, kwenye matawi na macho ya watu. Yenye mwanga uliokatwa kwa juu, kama taa ya gari, huulaza wote barabarani. Lumeni 400 za aina hiyo zinaweza kukufaa kuliko 800 za tochi.

Piga hesabu ya betri. Betri ya lithiamu ya miliampea-saa 3,000 na volti 3.6 ina takriban wati-saa 11. Taa ya LED yenye lumeni 400 hula wati 4 hivi, kwa hiyo utapata saa mbili na nusu, na pungufu kukiwa na baridi kali au betri ikizeeka. Safari ya saa mbili kwa betri hiyo ni ya kubahatisha. Dainamo ya kwenye habu (kitovu cha gurudumu), ya volti 6 na wati 3, huzalisha umeme gurudumu likizunguka, kwa hiyo haihitaji chaji. Chagua taa inayoendelea kuwaka kwa muda ukisimama, la sivyo utazimika katikati ya makutano.

Funga taa kwenye usukani. Taa ya kichwani iwe ya kusaidia tu, na sababu yake iko katika hatua ya 5.

Hatua ya 2: Ilenge kwa ukuta

1. Jaza tairi upepo, kisha simamisha baiskeli mahali tambarare, taa ikiwa mita 5 kutoka ukutani. Mtu akae juu yake, kwa sababu uzito hubadilisha mwelekeo wa taa.
2. Pima kimo cha taa kutoka chini. Tuseme ni sentimita 95.
3. Piga chaki ukutani kwenye theluthi mbili ya kimo hicho, yaani sentimita 63.
4. Inamisha taa mpaka kitovu cha mwanga kiguse alama. Sasa kitovu hicho kitaangukia barabarani mita 15 mbele yako.

Kama mwanga wako ni wa duara, shusha hadi nusu ya kimo. Kitovu kitaanguka mita 10 mbele na hutampofusha anayekuja. Kisha kaza skrubu. Taa inayoteleza kidogo kidogo kwenye mashimo huishia kumulika gurudumu, na mwendeshaji hulaumu betri.

Hatua ya 3: Pima unaona umbali gani

Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo muhimu kuliko zote. Tafuta barabara ya giza isiyo na magari. Weka chini kitambaa cheusi chenye ukubwa wa kiatu, rudi nyuma hatua 50, kisha njoo taratibu na baiskeli ukiangalia mbele. Pale unapokiona kwa uhakika, simama na uhesabu hatua hadi kwenye kitambaa. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 24 ni mita 18. Kwa kuwa ulijua kitambaa kipo, punguza robo: zinabaki mita 13 na nusu.

Sasa linganisha na umbali wa kusimama, kwenye lami kavu, breki zikiwa nzuri, ukihesabu sekunde moja na nusu ya kushtuka na kushika breki:

- Kilomita 15 kwa saa: mita 8.5
- Kilomita 20 kwa saa: mita 12
- Kilomita 25 kwa saa: mita 16.5
- Kilomita 30 kwa saa: mita 21

Mwenye mita 13 na nusu basi mwendo wake ni kilomita 20 kwa saa, hata kwenye mteremko mtamu. Lami ikilowa, kilomita 20 hizo zinataka kama mita 16; shuka hadi 15.

Hatua ya 4: Nyuma na ubavuni

Taa nyekundu ifungwe kwenye nguzo ya kiti, ielekee nyuma sawasawa. Kagua ukiwa umekaa: koti linaifunika? Mfuko je? Iache iwake bila kumeta, maana dereva hushindwa kukadiria umbali wa taa inayowaka na kuzima. Beba ya pili, kwa kuwa ya nyuma ikizimika hutajua.

Nguo za rangi kali za mchana hazisaidii gizani. Rangi hizo hung'aa kwa miale ya jua. Unahitaji mkanda unaorudisha mwanga ulikotoka. Uvae kwenye vifundo vya miguu: mwanga unaopanda na kushuka humwambia dereva mara moja kwamba huyu ni mtu anakanyaga pedali. Weka rifleta (viakisi mwanga) kwenye spoku pia, lakini usizitegemee kwenye makutano. Gari linaloingia kutoka barabara ya pembeni halijakumulika bado, kwa hiyo hakuna cha kuakisi. Hapo inayokulinda ni taa yako ya mbele. Tikisa usukani kidogo ili mwanga umpite dereva usoni, na uwe tayari kusimama.

Hatua ya 5: Soma barabara kwa vivuli

Taa ya kwenye usukani iko chini ya macho yako, kwa hiyo unaviona vivuli inavyotengeneza. Shimo huonekana jeusi upande wa karibu, na ukingo wake wa mbali unang'aa. Tuta ni kinyume: uso wa karibu unang'aa, weusi uko nyuma yake. Kiraka cha lami ni cheusi kote, bila ukingo unaong'aa. Taa ya kichwani iko karibu na macho, hivyo hufuta vivuli hivyo na shimo likafanana na barabara.

Maji huvuruga somo hili. Lami iliyolowa hurusha mwanga mbele badala ya kukurudishia, na dimbwi linaweza kuficha shimo la kina chochote. Lizunguke, au lipite polepole sana.

Gari likija na taa kali, usiitazame. Punguza mwendo mapema, tazama ukingo wa barabara wa upande wako, na baada ya gari kupita subiri kidogo kabla ya kuongeza kasi. Mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi hupotea katika sekunde hizo hasa. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kabisa, na kioo cha simu huiharibu kazi hiyo mara moja. Taa moja inayokuja si lazima iwe pikipiki. Inaweza kuwa gari lenye taa moja mbovu, basi liachie nafasi ya gari. Nukta mbili za kijani chini pembeni ni macho ya mnyama.

Vaa miwani isiyo na rangi. Wadudu hufuata mwanga wako.

Hatua ya 6: Pancha gizani

Beba tyubu nzima, si viraka peke yake. Kutafuta tundu dogo gizani ni mateso. Ongeza pampu, vipande viwili vya kung'olea tairi, na tochi ya kichwani.

Toka kabisa barabarani, acha taa ya nyuma iwake ikielekea magari yanakotokea. Kabla ya kung'oa tairi, weka alama kwenye tairi mahali vali ilipo. Toa tyubu, ijaze upepo, ipitishe karibu na mdomo: midomo huhisi upepo ambao macho hayauoni. Pima kutoka vali hadi tundu, na umbali huohuo kwenye tairi utakuonyesha mwiba au kigae. Papasa ndani kwa kitambaa, si kwa kidole kitupu, kitambaa kitanasa. Usipokitoa hicho kilichochoma, tyubu mpya itakufa kabla hujafika mbali.

Ukifika, chomeka taa kwenye chaji kabla hujavua viatu.