Mafuta ya injini ya ndege ya mfano kwa mrushaji wa Arusha
Anayerusha ndege ya mfano hapa Arusha, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, asiige tu mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha anaotumia rafiki yake wa Dar es Salaam, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi na injini hupata oksijeni kidogo zaidi. Nitromethani, kimiminika kinachoongezwa ili kuipa injini nguvu, huja na oksijeni yake yenyewe, ndiyo maana kwa injini ya kawaida ya mipigo miwili napendelea asilimia 10 hadi 15 badala ya 5, ingawa bei yake inauma. Kwenye mafuta ya kulainisha sifanyi ubahili: yawe asilimia 18 hadi 20, na sehemu yake iwe mafuta ya nyonyo, ambayo huendelea kuilinda silinda hata injini ikichemka kupita kiasi, japo huacha utando wa kahawia kwenye ekzosi. Methanoli, aina ya alkoholi ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanganyiko, hunyonya unyevu wa hewani, hivyo funika dumu mara tu unapomaliza kujaza tangi. Ukipanda kutoka Moshi, ambako ni chini zaidi, kaza sindano ya kabureta, yaani skrubu inayopunguza mafuta yanayoingia kwenye injini, kidogo kidogo huku ukisikiliza mlio, na uhakikishe uzi mwembamba wa moshi bado unaonekana nyuma ya ndege.