Kuchagua Feni ya Tanuri la Mhunzi Nyumbani
Anayetaka kufua vyuma nyumbani hapa Nairobi asivutwe na ukubwa wa mota ya feni inayopuliza moto, kwa kuwa makaa ya miti huhitaji hewa kidogo kuliko makaa ya mawe, na hewa ikizidi, makaa huisha upesi na chuma huota magamba. Feni bapa ya kompyuta haifai, kwani hushindwa kuisukuma hewa inapozuiwa na rundo la makaa. Afadhali ile ya hita ya gari, inayouzwa kwa wauza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga, ambayo hutumia volti 12 na huendeshwa kwa betri stima zinapopotea. Bomba la kupeleka hewa kutoka kwenye feni hadi motoni liwe la chuma, lenye kilango cha bati cha kupunguzia hewa.