Somo: Taa ya joto ya kobe, isichome kobe wala nyumba

Januari mwaka juzi nilirudi kutoka kazini, hapa Columbus, Ohio, nikakuta sebule inanuka plastiki. Kibanio cha taa ya kobe kilikuwa kimelegea. Taa iliteleza ikalala ubavu juu ya mfuniko wa tangi, na mfuniko ukalainika na kubonyea mahali pa upana wa kiganja. Kobe alikuwa chini kabisa majini, shingo kaivuta ndani. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue taa ya wati ngapi, namuuliza kwanza: utaitundika na nini?

Ninayemfuga ni kobe wa bonde la Mississippi, yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho (Trachemys scripta elegans). Kwetu kasa ni wa baharini na kobe ni wa nchi kavu. Huyu wa mitoni na mabwawani hana jina lake mwenyewe, basi naye nitamwita kobe. Mwili wake hautengenezi joto la kumtosha, ndiyo maana hutoka majini kuota jua: gamba likauke na chakula kisagike. Ndani ya nyumba, jua hilo ni wewe na taa yako.

Hatua ya 1: jua unataka joto gani. Jukwaani pa kuotea jua, nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Majini, 24 hadi 26. Tofauti hiyo ndiyo inayompandisha; maji yakiwa ya moto kama jukwaa, atapanda kufuata nini?

Hatua ya 2: balbu. Nunua halojeni yenye kioo cha kuakisi, inayomwaga mwanga kwa upana. Anza na wati 50. Angalia usiuziwe LED: Marekani, tangu Agosti 2023, balbu nyingi za kawaida za waya wa moto zimeondolewa madukani, na pakiti ikiandika "sawa na wati 60" mara nyingi ndani mna LED inayokula wati 9 hivi. Inang'aa vizuri, joto hakuna. Balbu nyekundu za usiku ziache dukani. Kobe anaiona ile nyekundu, na usiku anahitaji giza kama wewe.

Hatua ya 3: holda. Iwe ya kauri, siyo plastiki. Soma wati zilizoandikwa kwenye holda yenyewe. Ikisema 60, usiweke balbu ya 100 kwa sababu tu imeingia.

Hatua ya 4: kutundika. Hapa ndipo pa kukaa. Kibanio kinachokuja na taa ni springi na vipande viwili vya mpira. Mpira ukipata joto miezi kadhaa unakuwa mgumu na kuanza kuteleza, tena bila dalili. Kitumie kuelekeza taa, kisibebe uzito. Uzito ubebwe na mnyororo mwembamba wa chuma kutoka kwenye kulabu iliyofungwa kwa skrubu kwenye mbao ya dari. Kama mwenye nyumba hataki matundu, tumia stendi ya chuma yenye kitako kizito. Kamba ya nailoni hapana, inayeyuka. Ukimaliza, legeza kibanio kabisa na uitikise taa kwa mkono. Inayumba tu? Vizuri. Imeshuka hata kidogo? Rudia. Mapazia, karatasi na mfuniko wa plastiki viwe mbali, na king'ora cha moshi kiwepo chumbani.

Hatua ya 5: maji na umeme. Kobe akishtuka anajitupa majini, na maji yanaruka. Tone moja kwenye halojeni ya moto laweza kuipasua, kwa hiyo funga wavu wa chuma mdomoni mwa taa. Waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia kwenye plagi. Tone likifuata waya litadondoka sakafuni badala ya kuingia ndani ya soketi. Soketi nayo iwe yenye kikata umeme, ile ya vitufe vya TEST na RESET.

Hatua ya 6: pima. Balbu iwe sentimita 30 juu ya mgongo wa kobe, siyo juu ya jukwaa. Kobe mkubwa ana kimo, na mgongo wake unaungua wakati ubao chini bado vuguvugu. Mimi huweka kopo la ukubwa wake jukwaani, nawasha saa nzima, kisha napima juu ya kopo kwa themomita ya miale, ile ya kuelekeza bila kugusa. Imezidi 35, pandisha mnyororo pete mbili. Haijafika 32, weka balbu ya wati 75, usiishushe taa. Halafu taima: iwake kwa muda wa saa 12, izime kwa muda wa saa 12.

Taa ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ni habari nyingine. Halojeni haitoi UVB ya kutosha, na bila UVB gamba linalainika. Weka tyubu ya UVB kando ya taa ya joto, pasiwe na kioo katikati.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi niko Dar. Dada yangu ananiletea taa kutoka Marekani. Nibadilishe plagi tu?*

Usithubutu, ndugu yangu. Kule umeme ni volti 120, hapo ni 230. Balbu ile itavuta nguvu karibu mara nne, itaungua au kupasuka. Mwambie akuletee themomita. Holda na balbu nunua hapo hapo.

*Nina kasuku chumba hicho hicho. Kuna shida?*

Ipo, na umefanya vema kuuliza. Baadhi ya balbu za joto hupakwa PTFE, ile ile ya kikaangio kisichogandisha. Ikipata moto inatoa hewa inayoua ndege kwa muda mfupi. Kama pakiti haisemi wazi kwamba haina, usiinunue.

*Sisi wa Mombasa tunahitaji taa kweli? Na kobe niliyemwokota shambani?*

Joto mnalo. Beseni pana uani, jua la asubuhi, nusu kivuli, linatosha. Tangi la kioo usiliweke juani, litampika. Huyo wa shambani mrudishe alipokuwa: kwa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, kumfuga bila kibali ni kosa.

*Nimefuata yote, nyuzi 33, lakini kobe wangu hapandi. Tangi liko mkabala na televisheni.*

Shikamoo mama. Shida huenda ni hiyo televisheni. Geuza tangi, au funika upande huo kwa kadibodi, mbali na taa, kisha ukae chumba kingine. Wangu alipanda siku ya nne, na nilijua kwa sababu nilikuta jukwaa limelowa.