Tromsø hadi Kirkenes: namna ya kukadiria umbali na muda wa ndege

Mtoto wa dada yangu anasomea uvuvi Tromsø, kaskazini ya mbali ya Norwei. Juzi alituarifu kwamba ana safari ya Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi. Dada akanifuata pale Kirumba, hapa Mwanza, beseni la dagaa bado kichwani: "Kaka, mwanangu atakaa angani muda gani?" Nimefundisha jiografia miaka mingi, nikamkalisha tukapiga hesabu.

Fungua ramani kwenye simu, gusa kiwanja cha ndege na ushikilie mpaka namba zitokee. Tromsø iko latitudo 69.68 kaskazini, longitudo 18.92 mashariki. Kirkenes ni 69.73 na 29.89. Latitudo zimekaribia kulingana, kwa hiyo safari ni ya kuelekea mashariki, na tofauti ya longitudo ni digrii 10.97.

Hapo ndipo wanafunzi wangu wa Mwanza walipokuwa wakijikwaa. Sisi tuko jirani na ikweta. Ukitoka hapa kwenda Bukoba, digrii moja ni kilomita 111 hivi, iwe ya latitudo au ya longitudo. Ukienda na mazoea hayo kaskazini, utazidisha 10.97 kwa 111 upate kilomita 1,218, karibu mara tatu ya umbali wa kweli! Mistari ya longitudo hukutana kwenye ncha ya dunia kama vipande vya chungwa vinavyokutana kwenye kikonyo. Kadiri unavyopanda, ndivyo nafasi kati yake inavyobana. Kwa hiyo zidisha 111 kwa kosaini ya latitudo (kitufe cha "cos" kwenye kikokotoo). Kosaini ya 69.7 ni 0.347, na digrii moja ya longitudo kule inabaki kilomita 38.5. Mara 10.97, ni kilomita 422. Hakikisha kikokotoo kimewekwa kwenye digrii, si radiani, ambacho ni kipimo kingine cha pembe.

Viwanja vikipishana kwa latitudo na kwa longitudo, ongeza kanuni ya Pithagorasi: zidisha kila umbali kwa wenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeo cha pili. Mwanza na Bukoba zimepishana digrii 1.11 kila upande, yaani kilomita 123 kwa 123, na ndege inakata ziwa kilomita 174.

Muda ni rahisi. Ndege ya mapangaboi kama Dash 8, inayotumika sana kule, huenda kama kilomita 500 kwa saa. 422 gawa kwa 500 ni dakika 51. Ongeza dakika 15 hadi 20 za ndege kutembea kiwanjani, kupanda na kushuka: saa moja na dakika kumi hivi. Tiketi ikionyesha muda mrefu zaidi ya huo kwa mbali, ndege inatua njiani, pengine Hammerfest au Vadsø. Pima kila kipande peke yake. Majira ya baridi acha nafasi pia ya mabawa kunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu.

Saa za tiketi ni za Norwei. Majira ya baridi tunawatangulia saa mbili, kiangazi saa moja. Ya kijana imeandikwa kuondoka 10:00, nasi sasa tuko Januari, kwa hiyo kwetu ni saa sita mchana. Nikamwambia dada asipige simu kabla ya saa saba na nusu.