Unapofika Ugenini kwa Kazi ya Kujitolea

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mtu anayekwenda nchi nyingine kujitolea kwa kawaida hulitaka jembe hilo hata kabla hajalitua begi lake, na hapo ndipo yanapoanzia makosa mengi ya wiki ya kwanza. Mwongozo huu unahusu kipindi hicho kifupi, tangu dirisha la uhamiaji hadi asubuhi ya kwanza kazini, ambapo wewe uliyekwenda kusaidia ndiye unayehitaji msaada: wa kupokewa, wa kuelekezwa, wa kutafsiriwa na wa kuonyeshwa mahali pa kulala. Aliyejiandaa kuupokea msaada huo huwasumbua wenyeji wake kidogo kuliko yule anayejifanya hauhitaji.

Jambo zito kuliko yote huamuliwa kabla ya safari, nalo ni aina ya viza. Katika nchi nyingi sheria ya uhamiaji haiangalii tu kama utalipwa mshahara. Huangalia kama utafanya kazi, na kazi ya kujitolea huhesabiwa kuwa kazi. Uingereza, kwa mfano, ina viza maalumu ya wafanyakazi wa mashirika ya hisani isiyozidi miezi 12, na Umoja wa Ulaya una Agizo namba 2016/801 linalowataja wanaojitolea kama kundi la pekee kando ya wanafunzi na watafiti. Kwa hiyo uliza mapema, tena kwenye ubalozi wenyewe, ni kibali gani kinachohitajika. Ikiwa taasisi inayokualika inakushauri useme umekuja kutembea tu, ukatae ushauri huo, kwa sababu uongo ukigundulika atakayepandishwa ndege ya kurudi ni wewe, si taasisi. Kwa maoni yangu, taasisi inayoanza uhusiano na wewe kwa kukufundisha kudanganya imekwisha kukueleza mengi kuhusu namna inavyofanya kazi.

Nyaraka zako ziwe katika bahasha moja ya plastiki, ndani ya begi la mkononi, si katika sanduku linalokwenda chini ya ndege. Weka humo pasipoti, viza, barua ya mwaliko yenye anuani na simu ya mwenyeji, tiketi ya kurudi, hati ya bima na cheti cha chanjo. Pasipoti ikaguliwe tarehe yake ya mwisho: nchi nyingi hutaka ibakize miezi 6, na zile za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hutaka miezi 3 baada ya siku unayokusudia kuondoka. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo chanjo ya kukimbiliana na ndege haitakufaa mpakani. Na tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hata kama kilichapishwa zamani kikiwa na ukomo wa miaka 10. Hati ya bima isomwe yote, maana bima nyingi za wasafiri humlipia mtalii aliyevunjika mguu matembezini, lakini humkataa aliyeuvunja akiwa juu ya paa analojenga.

Pamoja na hizo, weka karatasi moja ngumu uliyoiandika kwa kalamu: jina la mratibu wako, namba zake mbili za simu, na anuani ya mahali utakapolala kwa lugha na hati ya maandishi ya nchi hiyo. Simu huzimika, na intaneti ya uwanja wa ndege mara nyingi hutaka ujumbe wa kuthibitisha utakaotumwa kwenye laini ambayo bado hujainunua. Dereva anayesoma hati yake mwenyewe pekee hatasaidiwa na anuani uliyomwandikia kwa herufi za Kilatini.

Kwenye dirisha la afisa uhamiaji jibu kile ulichoulizwa, kisha unyamaze. Atataka kujua umekuja kufanya nini, utakaa wapi, kwa muda gani, na nani atakugharamia. Majibu yawe yale yale yaliyoandikwa katika barua ya mwaliko. Hotuba kuhusu moyo wako wa kusaidia haimsaidii yeye wala foleni iliyo nyuma yako. Akikurudishia pasipoti, ifungue papo hapo, kabla hujaondoka dirishani, usome muhuri. Mimi niliwahi kugongewa siku 30 ilhali kibali changu kilikuwa cha siku 90. Niliigundua hitilafu hiyo siku ya nne, nikiwa nimekaa kitandani napanga nyaraka, na jambo ambalo lingerekebishwa kwa dakika moja likanigharimu asubuhi tatu za foleni katika ofisi nisiyoijua. Nchi za Schengen zilianza Oktoba 2025 kuandikisha wageni kwa mfumo wa kielektroniki unaochukua nafasi ya muhuri. Huko tarehe yako ya mwisho utaihesabu na kuiandika mwenyewe.

Mzigo usipotokea kwenye mkanda, usitoke nje ya ukumbi huo. Nenda kwenye kaunta ya shirika la ndege, ujaze taarifa ya mzigo uliopotea na uchukue nakala yenye namba. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika huandikwa ndani ya siku 7, na ya uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwako. Dawa zako za kila siku, miwani na nguo za siku mbili zisafiri nawe kwenye kiti. Dawa hizo zibaki katika vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari, kwa kuwa kidonge cha kawaida katika nchi moja huweza kuwa kosa katika nyingine: kodeini, dawa ya maumivu, hudhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, na Japani hairuhusu baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoefedrini.

Forodha nayo ina mtego wake kwa watu wa kujitolea, ambao hupenda kubeba misaada. Kompyuta 10 zilizotumika, hata kama ni zawadi kwa shule, kwa afisa wa forodha ni shehena. Dawa za msaada ni ngumu zaidi: Shirika la Afya Duniani linashauri ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake zinapofika, na nchi nyingi hutaka kibali kabla hazijaingia. Muulize mwenyeji kwanza kama anavihitaji vitu hivyo, kisha umwombe ashughulikie nyaraka zake. Vinginevyo viache.

Ukitoka nje, ukamwona mtu ameshika bango lenye jina lako, usimwendee ukisema, "Mimi ndiye." Mwache yeye akutajie jina la mratibu aliyemtuma, kwa sababu bango lolote huweza kunakiliwa na mtu mwingine aliyesimama karibu. Fedha toa kidogo tu kwenye mashine, na mashine ikikuuliza kama ikukate kwa sarafu ya kwenu au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Ile nyingine huja na kiwango kibaya cha ubadilishaji. Laini ya simu ukiweza inunue siku hiyo hiyo, ukiwa na pasipoti mkononi. Na kama bado hujakata tiketi, chagua ndege inayotua mchana.

Siku mbili tatu za kwanza zitumie kulala, kutembea kwa miguu na kumaliza mambo ya serikali. Mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti ya majira, na anayesafiri kuelekea mashariki huteseka zaidi. Mwanga wa jua wa asubuhi humsaidia kuliko usingizi wa mchana. Zipo nchi zinazomtaka mgeni ajiandikishe baada ya kufika: Italia humpa siku 8 za kazi kuomba kibali cha ukaazi anayekusudia kukaa zaidi ya miezi 3. Ujulishe pia ubalozi wa nchi yako kwamba upo. Ukikamatwa au kuwekwa kizuizini, Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unakupa haki ya kuomba ubalozi huo ujulishwe, ila ni lazima uiombe kwa kinywa chako.

Katika kikao cha kwanza na mwenyeji, maswali yako yawe ya kawaida kabisa: nani msimamizi wangu, saa ngapi tunaanza, nikiugua nimpigie nani, chakula na malazi ni juu ya nani, na nani niliyempokonya kazi kwa kuja kwangu, kama yupo. Hilo la mwisho liulize kwa upole, lakini liulize. Mtu akitaka kuihifadhi pasipoti yako kwa muda wote wa kazi, mpe nakala na halisi ubaki nayo. Kama utafanya kazi na watoto na hakuna aliyekuomba cheti cha polisi wala kukueleza kanuni za kuwalinda, hiyo ni dalili mbaya, na simu yako isipige picha yoyote mpaka umejua nani anayeruhusu.

Siku moja kabla ya kuanza, tembea kutoka unapolala hadi unapofanya kazi, saa ile ile utakayokuwa ukienda, uhesabu dakika. Ukifika, muulize aliyepo mlangoni jina lake, uliandike katika daftari kwa namna anavyolitamka, kisha urudi ukapumzike.