Bango la kongamano la sayansi ya ubongo: anza na swali

Ukishakubaliwa ikisiri yako, yaani muhtasari wa utafiti wako, usikimbilie kuchapisha bango. Andika kwanza swali lako kwa sentensi moja ambayo hata kondakta wa matatu ataielewa. Langu lilikuwa: je, mtu hukumbuka tarakimu chache zaidi akizihesabu kwa Kiswahili, kwa kuwa "tatu" ina silabi mbili na "three" ina moja tu? Tangu 1975 watafiti wameonyesha kwamba maneno marefu hupunguza idadi tunayoweza kushika akilini kwa muda mfupi. Hilo swali liwe juu kabisa, kwa herufi zinazosomeka ukiwa hatua tatu hivi mbali. Chini yake weka grafu moja kubwa. Moja! Watu hupita mbele ya mabango wakiwa wamechoka na wana njaa, hakuna anayesoma aya.

Saizi ya A0 ni sentimeta 84.1 kwa 118.9, lakini soma kwanza maelekezo ya waandaaji kama bango lisimame au lilale. Peleka faili ya PDF. Mimi nilipeleka ya slaidi kwenye duka moja la uchapishaji la River Road, Nairobi, mistari ya grafu ikatoka imehama, nikalipa mara mbili. Omba kitambaa badala ya karatasi: unakikunja ndani ya begi, na kwenye uwanja wa ndege wa JKIA hakuna anayekusumbua kuhusu bomba refu la kubebea bango.

Kisha jizoeze kulieleza bango lako kwa dakika mbili, kwa sauti, mbele ya mtu asiyesoma saikolojia. Mimi humweleza dada yangu jikoni, na akikunja uso narudia.